Saini Tano kwa Siku

4 Novemba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Tangu Lazhar arudi, hakuna mwanamke aliyekuja kupimwa, kwa hiyo nitaliandikia mengine. Litakaa ndani ya kasha la cherehani, chini ya vitambaa vya bitana. Humu sitamdanganya mtu, maana hakuna wa kumdanganya.

Mdogo wangu katoka gerezani Jumamosi, baada ya miaka sita ya kifungo cha siasa. Aliingia mwanafunzi wa uhandisi, mnene wa mashavu, mpenda mizaha. Katoka na kikohozi, na meno mawili ya mbele hayapo. Mama alipika kuskusi ya watu ishirini. Tulikula watatu. Jumapili tukala kiporo. Jumatatu Mama akawamwagia kuku, akasema, "Haya, karibuni wageni."

Masharti yake ni haya: asilale nje ya nyumba hii, asitoke nje ya mji bila ruhusa, na aende kituo cha polisi kutia saini mara tano kwa siku. Saa mbili, saa nne, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Kituo kiko mwisho wa mji. Akifika anasubirishwa, akitoka amebakiza muda wa kunywa chai, kisha anaanza safari tena. Mtu wa namna hiyo nani atampa kazi?

Ng'ambo ya barabara yuko Khmais, fundi viatu. Mlango wa duka lake unatazamana na wetu. Anagonga misumari huku macho yako kwetu. Lazhar akitoka, nyundo inanyamaza. Akirudi, nyundo inanyamaza. Mtu aliyekula harusini kwangu, leo anatuhesabu kama kondoo!

5 Novemba

Saini tano.

6 Novemba

Saini tano. Muuza mkate amempa Mama mkate bila kumtazama, kama anayemlipa jini.

9 Novemba

Nimeanza kucheka kwa sauti. Nimejigundua leo nikitandaza mazulia juu ya ukuta, nikamwita Mama, "Njoo uone jua zuri!" nikacheka. Hakuna lililochekesha. Nilicheka ili Khmais aandike kwamba kwetu hakuna huzuni wala siri. Mama aliniuliza kama nimepandwa na homa.

Kabla ya kufungua dirisha natengeneza kitambaa cha kichwa. Nikipita barabarani natembea kama mtu anayepigwa picha. Najichukia, na zaidi namchukia yeye.

12 Novemba

Zeituni zimeiva. Miti yetu ni arobaini, aliyotuachia Baba, kilomita nane kutoka hapa. Nimekwenda kwa Hadda, kiongozi wa wanawake wachumaji, ambaye amechuma kwetu tangu nikiwa msichana. Hakunikaribisha ndani.

"Monjia dada yangu," alisema, mkono ukiwa bado kwenye kitasa, "mimi nina wanawake kumi na wawili. Kila mmoja ana mume. Kila mume ana karatasi fulani anayoihitaji serikalini."

"Zeituni zina siasa gani, Hadda?"

"Zeituni hazina. Mwenye lori linalotubeba anayo. Nenda, mpenzi wangu, usisimame hapa sana."

Mpenzi wangu! Amefunga mlango polepole ili usilie.

15 Novemba

Shangazi Mabruka amekuja asubuhi na mayai kumi na mawili. Mwanamke wa miaka sabini na nne, kapita mlango wa mbele, fimbo yake inagonga mawe, Khmais anamkodolea macho. Nilimwambia apitie nyuma.

"Nimepita mlango huu kabla wewe hujazaliwa," alinijibu. "Anayetaka kuniangalia aniangalie vizuri, leo nimevaa shela jipya."

Alimbusu Lazhar kichwani, akakaa saa nzima. Nilikaa nikingoja polisi waje kumuuliza. Hawakuja.

18 Novemba

Mvua. Saini tano. Lazhar amerudi ameloa, akakohoa mpaka akashika ukuta.

22 Novemba

Tumekwenda shambani, Mama na mimi tu. Wanawake wawili, mmoja hawezi kupanda ngazi. Tumejaza magunia mawili. Jirani wa shamba ana watu thelathini wanaimba. Walipotuona waliimba kwa sauti ya chini.

24 Novemba

Nimeitwa kituoni. Mkuu wa kituo anaitwa Naser, watu humwita Si Naser, yaani Bwana Naser. Si mtu wa kupiga kelele. Aliagiza kahawa, akanivutia kiti mwenyewe.

"Mke wangu anakusifu sana," alisema. "Gauni la harusi ya mdogo wake ulishona wewe. Anasema una jicho. Unamtazama mtu mara moja tu, unajua upana wa mabega yake."

Nilijifunika mabega kwa kitambaa changu.

"Zeituni zinaanguka, dada Monjia. Haramu kuziacha zioze. Mimi nikimpunguzia Lazhar saini, zikawa mbili, asubuhi na jioni, mnaweza kuvuna mkamaliza."

"Mungu akulipe."

"Na wewe kila Alhamisi unaniletea ukurasa mmoja. Nani kaongea naye. Kasema nini. Basi."

"Unataka nimpeleleze ndugu yangu wa tumbo moja."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Nani kataja kupeleleza? Dada anamwangalia mdogo wake. Nyumbani kwenu haingii mtu, hilo tunajua, wala hatuna wasiwasi. Ni ukurasa tu."

Haingii mtu! Na mayai ya Shangazi je? Nililipokea neno hilo, nikaliweka pembeni, nikanywa kahawa yangu. Ilikuwa tamu sana.

Nimekubali. Nimejiambia nitamjazia ukurasa kwa upepo.

25 Novemba

Ukurasa wa kwanza: "Ameamka. Amekula mkate na mafuta. Amelala mchana. Amemsaidia mama yake kumenya vitunguu." Si Naser alisoma akitabasamu, akauweka kwenye jalada. Lazhar kaambiwa saini ni mbili. Amerudi mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Dada! Mbili! Hata sijui kwa nini!"

Nikasema pengine wamechoka kuona uso wake.

30 Novemba

Siku nzuri kupita zote tangu arudi. Tulikuwa shambani tangu saa tatu. Lazhar kavaa pembe za mbuzi vidoleni kama alivyofundishwa na Baba, anachana matawi, zeituni zinanyesha juu ya turubai, tap tap tap. Mama yuko chini anaokota majani na kutukana.

"Polepole wewe, unang'oa mti!"

"Mama, miaka sita sijagusa kitu kilicho hai, niache nichane!"

Tulikula dagaa wa kukaanga na pilipili ya kusaga, tumekaa juu ya magunia. Alisema wimbo wa kwanza aliousikia akiwa huru ulikuwa wa punda. Tulicheka, safari hii kicheko cha kweli, hakuna aliyetuona. Au ndivyo nilivyodhani, kisha nikakumbuka kwamba mimi nipo.

2 Desemba

Ukurasa wa pili: zeituni, dagaa, punda. Si Naser aliusoma mara mbili.

"Hii ni barua ya kumwandikia mkwe," alisema. "Mimi nataka majina."

"Hana anayeongea naye."

"Basi hahitaji saini mbili. Tano zitamfaa zaidi, apate matembezi."

6 Desemba

Kwenye chakula nilimuuliza Lazhar, "Umekutana na nani njiani?" Nilijisikia nikiuliza. Sauti haikuwa yangu.

Aliinua macho. "Unauliza kama wao."

"Nauliza kama dada."

"Basi, afande dada, nimekutana na mbwa wawili na daktari wa mifugo. Mbwa walinisalimia."

Mama alicheka. Mimi nilijaribu.

9 Desemba

Ukurasa wa tatu. Niliwaandika mbwa wakawa "watu wawili wasiojulikana". Si Naser aliniambia nisimfanyie mzaha, na saini zikaongezwa, sasa ni tatu. Tumebakiza miti ishirini na mitatu.

13 Desemba

Mvua kubwa. Nilikuwa nyuma ya pazia. Siku hizi niko hapo muda mwingi, cherehani mbele yangu, mguu hauendi. Lazhar alikuwa anatoka kwenda saini ya mchana. Khmais akamwita kwa mkono. Wakasimama chini ya upenu wa duka lake dakika mbili hivi. Khmais alimnong'oneza, akamtia kitu mkononi, akamsukuma mgongoni aende.

Mtu anayetuhesabu kila siku, leo anamnong'oneza ndugu yangu! Anamtega. Anamlisha maneno ili akayauze. Nilikanyaga cherehani kwa hasira mpaka nikajichoma sindano.

Lazhar aliporudi sikumuuliza kitu.

16 Desemba

Nimempa Si Naser jina. Niliandika: "Jumatatu, kabla ya saa sita, Khmais fundi viatu alimwita Lazhar, wakanong'ona, akampa kitu, huenda sigara, huenda karatasi." Nilijua nilichokuwa nafanya. Nilijiambia: wakimuuliza mtu wao wenyewe, watagombana wao kwa wao, nami nitatazama.

Si Naser alisoma, akanyanyua nyusi. "Khmais," alisema polepole. "Aa, Khmais." Saini zikarudi mbili papo hapo.

Nikirudi nyumbani nilipita mbele ya duka lake nikamtazama usoni mpaka akainamia kiatu chake. Mara ya kwanza katika majira haya mtu mwingine kainamisha kichwa, si mimi. Nimeahidi humu sitadanganya: niliona raha. Raha ilinipanda mpaka masikioni.

17 Desemba

Shambani. Magunia manne.

18 Desemba

Shambani. Mkamuo umetoa mafuta ya kijani, makali, yanawasha koo. Mama kamwagia mkate, kampa Lazhar tonge la kwanza mdomoni. Mimi nilisema sina njaa.

20 Desemba

Wamemchukua Khmais. Adhuhuri, watu wakitoka kununua mkate. Wawili wakamshika mikono, wa tatu akapekua duka, akatupa viatu barabarani, kimoja kimoja, vya watu wote wa mtaa huu. Kisha wakatia kufuli. Khmais alikuwa bado ameng'ata misumari mdomoni, ikabidi aiteme mkononi mwa polisi.

Viatu vilikaa barabarani mpaka jioni. Wenyewe wanavijua, lakini nani atainama kuokota kiatu chake akionekana?

21 Desemba

Lazhar hakula.

"Nani atakuwa kamsema Khmais?" aliuliza. "Kaongea nami mara moja tu. Siku ile ya mvua."

"Alikwambia nini?" Sasa niliuliza. Sasa!

"Kwamba saa ya kituo iko mbele kwa dakika saba, nitoke mapema, wasije wakaniandikia nimechelewa. Na alinipa vidonge vya kikohozi. Alikuwa navyo mfukoni, sijui tangu lini, vimeshikana na gundi ya viatu." Alitikisa kichwa. "Waliokuwa barabarani ni mimi na yeye. Labda kuta."

Mama alisema, "Kuta za mtaa huu zina miguu." Aliniangalia? Sijui. Siku hizi kila anayegeuza kichwa naona ananiangalia.

23 Desemba

Alhamisi. Nimepeleka ukurasa mtupu wa mambo ya chakula. Si Naser hakuuliza zaidi. Ana kazi nyingi, alisema.

24 Desemba

Lazhar kaanza kufanya jambo jipya. Anapoingia ndani anasimama mbele ya cherehani yangu, mikono imenyooka.

"Nimeamka saa kumi na mbili," anasema. "Nimenawa. Nimetembea mpaka kisimani. Sijaongea na mtu."

"Acha upuuzi, Lazhar."

"Sijaongea na mtu," anarudia, anakwenda zake.

Huenda hajui kitu. Huenda gereza ndilo lililomzoesha. Lakini hatanii tena mezani, na akinikuta nyuma ya pazia anageuka.

27 Desemba

Zina, mke wa Khmais, amenikuta kwenye foleni ya mafuta ya taa. Wanawake walimwachia nafasi kubwa pande zote, kama walivyotuachia sisi. Nilitaka kupita, akanishika mkono wa gauni.

"Wamemvunja mbavu," alisema, si kwa kunong'ona. "Unajua kosa lake? Uzembe. Wanasema: wewe tumekuweka utuambie nani anaingia kwa mama Lazhar, kila wiki unasema haingii mtu, kumbe wewe mwenyewe ndiye unayenong'ona naye!"

Nilijaribu kuuvuta mkono, hakuuachia.

"Haingii mtu!" Zina alicheka bila furaha. "Shangazi yako na mayai yake na shela lake jekundu, mume wangu ni kipofu? Yule kijana mwenye miwani, mwenzake Lazhar wa chuo, aliyekuja mara mbili? Khmais kawaona wote. Kila Jumamosi anakwenda kule, anawaambia, haingii mtu. Mimi namwambia, wewe una watoto! Ananiambia, nikiacha kukaa pale watamweka mwingine, na huyo mwingine ataona."

Yule kijana mwenye miwani hata mimi sikumjua. Alikuja nikiwa shambani.

Nimerudi bila mafuta ya taa. Haingii mtu, hilo tunajua. Si Naser aliniambia mwezi mzima kabla, nikiwa na kikombe mkononi. Nilikuwa na kila kitu cha kunifanya nielewe. Sikutaka. Nilihitaji mtu wa kumchukia aliye karibu, ambaye naweza kumwona dirishani.

30 Desemba

Alhamisi. Nimekwenda mikono mitupu, nikamwambia Si Naser sitaandika tena.

Hakukasirika. Alifungua jalada, akatandaza kurasa zangu mezani kama vitambaa vya kuchagua. "Mwandiko wako mzuri. Ndugu yako akija saa kumi na moja, nimsomee ipi? Ya dagaa? Au ya Khmais?"

Hapo nikaelewa kwamba kurasa zile hazikuwa za kumkamata Lazhar. Zilikuwa za kunishika mimi.

Nilitoka, nikakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu, nimekimbia katikati ya barabara, kila mtu akiona. Lazhar alikuwa anafunga kamba za viatu. Nilimwambia yote, nikiwa bado nimesimama mlangoni, neno kwa neno, kama nilivyoandika. Punda. Mbwa. Khmais. Na ile raha, nayo nilimwambia.

Alimaliza kufunga kiatu cha kushoto. Akafunga cha kulia.

"Kule ndani," alisema, "nilikuwa na kitu kimoja tu walichoshindwa kunichukulia. Kwamba nyumbani kuna watu wasioniandika."

Akaenda kutia saini.

31 Desemba

Saini tano.

Mama naye ameambiwa. Hakunipiga, hakulia. Amechukua mtungi wa mafuta mapya, amekwenda kwa Zina. Zina hakuupokea. Mama kaurudisha, kauweka katikati ya chumba, na hapo upo, tunaupita.

8 Januari

Saini tano. Anayelazimishwa kulala nyumba hii hawezi hata kunikimbia. Sheria inamtaka awe hapa jua likizama, chini ya dari moja nami. Anakula akitazama ukuta. Chumvi anamwomba Mama.

15 Januari

Miti kumi na mmoja haikuchumwa. Ndege kwezi wameshuka, maelfu, mti unakuwa mweusi kisha unabaki mtupu. Hadda kapita na wanawake wake juu ya lori. Nilipunga mkono. Waliona.

20 Januari

Si Naser kapata mtu mwingine. Kijana wa kuuza sigara kakaa kona ya mtaa, meza yake ina pakiti tatu tu. Mtaa mzima umeanza kucheka kwa sauti.

31 Januari

Khmais karudi Jumamosi. Kashushwa mwanzo wa barabara akatembea mwenyewe, mkono umebana ubavu. Hakuna aliyetoka. Duka kafungua Jumapili, anagonga polepole, mapigo mawili halafu anapumzika.

2 Februari

Nimekwenda dukani kwa Khmais kabla ya saa mbili asubuhi, Lazhar akiwa ndio anatoka. Nilivuka barabara wazi, sikutengeneza kitambaa.

"Bwana Khmais," nilisema, "ni mimi niliye..."

"Walinisomea," alinikatiza. Hakuacha kazi. "Mara nne. Umeandika sigara. Sijavuta sigara maishani mwangu, mtaa mzima unajua. Mtu akiamua kuniua, angalau aniue na ukweli."

"Sina la kujitetea."

"Huna."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Jicho moja limevimba bado. Nilidhani atanitemea mate, na ningeshukuru.

"Mimi nimekaa hapa miezi miwili," alisema, "watu wananiita jasusi kwa macho. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Basi kaa." Alisukuma kigoda kwa mguu mpaka nje ya mlango, juani. "Kaa hapo mpaka nifunge. Wakikuuliza unafanya nini, waambie. Kwa mdomo wako. Hutaandika."

Nikakaa.

Mwenye duka la mkate aliuliza wa kwanza. Nilimwambia: nilimwandika Khmais kituoni, ndiyo maana alichukuliwa. Alirudi nyuma hatua moja. Kabla ya saa nne hakuna aliyehitaji kuuliza tena, walikuja kutazama tu. Wanawake niliowashonea. Watoto wao. Hadda alisimama mbele yangu, akajifunika shela, akaondoka. Mmoja alinirushia ganda la chungwa. Muuza sigara wa kona alikuwa hajui aandike nini. Zina alitoka na karai la maji machafu, akayamwaga sentimita chache kutoka miguuni mwangu, akaingia. Nyuma yangu nyundo haikusimama. Nilikuwa na kiu, na sikuthubutu kuomba maji.

Lazhar alipita saa nne, kichwa mbele, akapita tena saa sita. Alipita saa tisa. Niliangalia viatu vyake mara zote tatu, kamba zimekazwa.

Saa kumi na moja na nusu alirudi kutoka kituoni. Khmais alikuwa anafunga mlango. Lazhar alimsaidia kunyanyua ubao mzito, kwa sababu ya mbavu zake, wakasalimiana kwa kushikana mikono, mchana kweupe, mtaa mzima ukiona. Kisha akasimama mbele yangu. Hakunyoosha mkono. Macho yake yalikuwa juu ya kichwa changu, kwenye kufuli.

"Mama kapika," alisema. "Inuka, watu wanatazama."

"Waache watazame," nilimjibu.

Akatangulia, nami nikamfuata, hatua kumi nyuma yake, tukavuka barabara.